Aleluya Niliyoianzisha Mazishini

Itigi Stesheni

Dada yangu Magdalena,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Huko Iramba mmeamkaje? Mgongo wa mama umeachia? Na yule beberu, bado anamshinda shemeji mbio? Mimi mwili mzima, ila kichwa kimevurugika, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mlisema nimeacha shule darasa la tatu, nitaishia kuchunga punda. Basi huku nikishapasua kuni za gari moshi, ninaimba Kilatini! Bwana DC alipopita kigangoni aligeuza shingo kunitafuta. Maana yake siijui, lakini hata wanaoijua hawafiki juu ninapofika.

Mwezi uliopita alifariki mama yake katekista, ambaye ndiye mwalimu wetu wa kwaya. Bibi kizee kabisa, ameacha vitukuu. Padre akaja kusoma Misa ya wafu. Tukaimba polepole, watu wanalia. Nikawaza: kwetu aliyeona vitukuu haliliwi hivi, husindikizwa kwa vigelegele. Hawa wamesahau? Kabla ya Injili nikaanzisha Aleluya ya Pasaka. Na kwaya nzima, kwa kuwa wamezoea kunifuata, ikanifuata! Akina mama wakapiga vigelegele. Padre akageuka, uso mwekundu.

Tulipotoka, katekista akanikamata shati. "Misa ya wafu haina Aleluya! Unamchezea mama yangu?"

"Mwalimu, si ana vitukuu..."

"Toka kwenye kwaya yangu! Na Jumapili utaomba radhi mbele ya watu wote."

Nililia, dada, usimwambie mtu. Bila kwaya mimi huku ni shoka tu. Jioni akaja mume wa marehemu, baba yake katekista, na kibuyu cha asali. "Mwanangu, umemsindikiza vizuri mke wangu. Ukiomba radhi utakuwa umemrudisha njiani."

Sasa nimtii nani, aliyefiwa na mama au aliyefiwa na mke?

Jumapili nikasimama mbele. "Naomba radhi kwa..." Mzee naye akasimama. "Radhi ya nini? Niliyemzika ni mke wangu."

"Baba, kaa."

"Kaa wewe!"

Padre akatutazama sote, akageukia altare, akaanza Misa. Mimi nimebaki palepale kama nguzo ya simu. Ilipofika Gloria kwaya ikaipokea chini mno, sauti zinajiburuta kama ng'ombe wa kiangazi. Katekista, bila kunitazama, akainua kidevu chake upande wangu. Nikaingia, nikaibeba.

Tangu siku hiyo hanisalimu. Lakini juzi kaniletea kitabu cha nyimbo za Noeli kwa mkono wa baba yake. Nikamwuliza mzee, "Amenisamehe?"

"Amekosa wa kuanzisha."

Dada, wewe uliyemaliza darasa la nne, hiyo ni ndiyo au hapana?

Mpe mama shikamoo yangu, na shangazi aliyenilea. Shemeji mwambie ajitahidi, beberu naye atazeeka.

Ni mimi mdogo wako, ninayesikika hadi stesheni,
Paskali