Mpaka Wako, Shemeji Polikapi, Niliukubali Mbele ya Watu

Mpendwa shemeji Polikapi,

Mimi ninayeandika nina miaka themanini na miwili. Nimewazidi umri maksai wangu wote na wenyeviti wote waliopata kutuongoza hapa Pito, isipokuwa huyu wa sasa, na yeye ajiangalie. Nimeizidi njaa ile tuliyokula mizizi. Nimekizidi kijiji tulichohamishiwa kwa lori tukarudi kwa miguu. Nyumba tatu za tope nimejenga zikaanguka, mimi nimesimama. Na nimekuzidi wewe uliyekuwa unasema kila Jumapili kwamba utanizika.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu, mkono ule ule uliokuwa unauchungulia wewe kwenye darasa la watu wazima ili upate kuandika jina lako. Herufi zangu ni kubwa kwa sababu sina cha kuficha. Nikimaliza nitaibandika mlangoni pa mashine ya kusaga, aisome kila anayeleta debe la mahindi, maana maneno yamezagaa kwamba nimempa tajiri wa Majengo ardhi yako na yangu. Anayestahili kuelezwa kwanza ni wewe. Hao wengine wachungulie tu.

Unakikumbuka kile kichuguu. Nani asiyekikumbuka. Mimi nilisema, na ndivyo ilivyo, kwamba mpaka wa shamba langu na lako unatoka kwenye jiwe jeupe kule juu na kushuka moja kwa moja kuelekea kona ya mto. Ukishuka hivyo, kichuguu kinabaki kwangu. Wewe ukasema mpaka ukikifikia kichuguu unapinda, unakizunguka kwa upande wangu, kisha unaendelea na safari yake. Nikakuuliza, huo mpaka umekunywa pombe? Ukanijibu, "Mpaka huu aliupima baba yangu, na baba yangu vitu vyenye heshima alikuwa anavizunguka."

Miaka arobaini tumeimba wimbo huo. Mvua ya kwanza ikinyesha na kukatika tulikutana pale pale, wewe na beseni lako, mimi na ndoo yangu, kama watu walioahidiana. Kumbikumbi wanaruka, sisi tunatukanana. "Sogea huko, shemeji, unawatisha wadudu wangu." "Wadudu wako wanatokeaje kwenye shamba langu?" Tukichoka tunakwenda kwangu, dada yako Skola anawachanganya wa beseni na wa ndoo katika kikaango kimoja, tunakula sahani moja tumenuna. Hajawahi kusema kichuguu ni cha nani. Mimi nilijua yuko upande wangu kwa sababu ni mke wangu. Wewe ulijua yuko upande wako kwa sababu mlinyonya ziwa moja.

Ulipokufa watu walinitania makaburini. Wakasema sasa mzee atakula kumbikumbi kwa amani. Mvua zilipokuja nilikwenda na ndoo yangu. Nilikaa pale. Kumbikumbi waliruka, wakaisha, nikarudi na ndoo tupu. Nilimwambia dada yako kwamba mwaka huu hawakutoka.

Halafu mji ukaanza kupanda kuja kwetu. Mwanao Gervasi yuko mbali na hana hamu ya kulima ulezi, akaliuza shamba lako kwa Bwana Shabani, yule mwenye malori pale Majengo. Simlaumu kijana, wewe mwenyewe ulimlea na kalamu. Kisha wakaja wafyatua tofali. Udongo wa kichuguu unashika vizuri, wewe unajua, wakakichimba chote mpaka chini. Tulichogombania miaka arobaini sasa kiko kwenye kuta za nyumba za watu huko Malangali.

Baada ya tofali ikaja rangi ya zambarau.

Tuliitwa mkutano kwenye uwanja wa shule, tuonyeshwe mchoro wa mji utakavyokuwa. Mteremko wetu wote, kuanzia shamba lako mpaka mtoni, ulikuwa umepakwa zambarau, na zambarau maana yake maghala. Viti vilipangwa mbele kwa wenye viwanja na nyumba. Wenye mashamba walikaa nyuma kwenye nyasi, na wengi walikuwa wanawake. Mimi sikukaa.

"Mzee, kaa chini," mwenyekiti akasema.

"Nimesimama."

"Naona umesimama, ndiyo maana nakwambia kaa."

Watu walicheka. Nikamwambia viti amewapa wenye viwanja, basi mwenye shamba aachiwe miguu yake. Akasema tuanze na wadau. Nikauliza mdau ndiye nani. Akasema mdau ni mtu mwenye maslahi. Nikasema mimi nina mahindi, maharage na ulezi. Akasema, "Tutafika huko, mzee." Shemeji, hawakufika. Waliongea wadau wa barabara, wakaja wadau wa taa, wakaja wa kusema maghala yataleta kazi ya kupakia mizigo. Sikatai, kazi ni kazi. Lakini waliosema hawalimi pale, na wanaolima pale hakuna aliyewauliza hata jina. Mama Tekla, yule jirani yangu wa upande wa chini, aliinua mkono mpaka ukachoka, akauteremsha, akainua wa pili.

Aliyetusaidia ni ofisa wa mipango miji, binti mdogo aliyevaa buti za mvua. Alisimama mwenyewe akaja mpaka nilipo. "Shikamoo, babu." Nikaitikia. Akatueleza sote kwamba ile rangi bado ni pendekezo. Mwenye shamba lililoandikwa akiweka pingamizi, lazima lisomwe. Ambaye shamba lake halikuandikwa, hata akipiga kelele namna gani, hana pingamizi. Na shamba haliandikwi mpaka majirani wakubaliane mpaka. Wakibishana, anaandika mgogoro, na eneo linakuwa akiba ya mji, wengine watakuja kuamua.

Basi tukateremka wote kwenda shambani, na shamba la kwanza lilikuwa langu. Wakati ule lilikuwa na matuta ya duara tu, yale ya kufukia majani yaoze, mwenyekiti akawaambia wageni, "Hapa kama mnavyoona ni pori."

"Pori hili ndilo lililokukuza," Mama Tekla akamwambia. "Mamako alikuwa anakufunga mgongoni akiinua matuta haya haya. Au ulidhani ulikuwa unatembezwa?"

Ofisa akauliza jirani wa mpaka ni nani. Bwana Shabani akajitokeza. Ni mtu muungwana, nisimsingizie. Akasema, "Karatasi yangu ya kununulia inasema mpaka ni kichuguu. Mimi kichuguu sijakiona. Nilionyeshwa kwa kidole, na siku ile kulikuwa na ukungu."

Nikasema mpaka unashuka moja kwa moja, jiwe jeupe kuelekea kona ya mto. Nikanyoosha fimbo.

"Karatasi inataja kichuguu, babu," ofisa akasema.

"Hiyo karatasi haijawahi kula kumbikumbi."

"Andika mgogoro twende," mwenyekiti akasema. "Mvua ile kule." Na kweli milima ya Mbizi ilikuwa imeshafunikwa na wingu, upepo unatuingia mpaka kwenye mifupa.

Hapo dada yako akasema, "Naomba kusema."

"Mama, mume wako ameshasema," mwenyekiti akamjibu.

"Nimemsikia. Nani hajamsikia."

"Sasa mke utamshuhudiaje mumeo?"

"Sikusimama hapa kama mke wake," akasema. "Nimesimama kama dada wa Polikapi. Jirani wa mpaka ni yeye. Amekufa, lakini mimi bado sijafa."

Shemeji, Skola hajawahi kunipinga mbele ya watu. Ndani ya nyumba ni kila siku, lakini mbele ya watu, hapana. Akatembea bila kuniangalia, akafika mahali ambapo macho yako na yangu hayaoni kitu ila udongo uliochimbwa, akasimama. "Kichuguu kilikuwa hapa. Mpaka wa baba yetu ukifika hapa unapinda, unakizunguka kwa upande wa mume wangu." Akamwita Mama Tekla. "Njoo usimame pale ulipokuwa unasimama ukija kuomba kumbikumbi."

Mama Tekla akaenda hatua chache chini yake. "Nilikuwa nasimama hapa. Marehemu alikuwa ananiambia, usivuke hapo, huko ni kwa shemeji yangu, atakusomea risala mpaka jua lizame."

Wakacheka hata wadau. Mwingine akatoka kwenye kundi akasimama chini ya Mama Tekla, na mwingine chini yake, kila mmoja pale ulipokuwa unamsimamisha na bakuli lake. Mpaka wako ukaonekana umesimama na kanga zinapepea. Shemeji, ulikuwa umepinda kama ulivyokuwa unasema.

Bwana Shabani akaja karibu yangu akasema taratibu, "Mzee wangu, mimi kaeneo kale hakanishughulishi. Ukisema mstari unyooke, nakubali, tuandikwe sote twende nyumbani."

Ofisa alimsikia. Akanigeukia akasema, "Mwenye shamba na jirani mkikubaliana, babu, mimi inanitosha. Siwajibiki kuwaandika hawa akina mama."

Elewa hapo palivyokuwa. Miaka arobaini nilikuwa nataka mtu mwenye mamlaka aseme mpaka umenyooka, na siku hiyo nimepewa bure, na tajiri ameshika kofia mkononi. Neno moja tu na nimekushinda. Lakini chini yangu kuna shamba la Mama Tekla, na jirani yake wa mpaka naye amekufa na hakuacha karatasi. Chini yake kuna la mwingine, na la mwingine. Hao hawana Bwana Shabani wa kuwakubalia. Wana midomo yao tu, huyu amshuhudie yule. Kama midomo hiyo haikuhitajika kwenye shamba la kwanza, ingehitajika vipi kwenye la pili? Wangeandikiwa mgogoro mmoja mmoja mpaka mtoni, na zambarau ingelala juu ya matuta yao bila hata pingamizi moja la kusomwa.

Na dada yako alikuwa amesimama anaangalia chini. Hakuniomba. Angeniomba ningekataa, unanijua.

Mwenyekiti akapiga mluzi kidogo. Ofisa akangoja, matone yakaanza kuanguka kwenye ubao wake wa kuandikia, akaufunika kwa kiganja.

"Andika walivyosema akina mama," nikasema.

"Una hakika, babu?"

"Mimi sijawahi kukosa hakika. Andika kwamba wao ndio wamesema na mimi nimekubali. Na waandike majina."

Akawaandika. Kisha akateremka nao kwenye mvua, shamba kwa shamba, na kila walipofika walisimama kwenye mpaka wa mwenzao vile vile, naye akawaandika. Kile kipande cha kichuguu kimekwenda kwa Bwana Shabani, kwa sababu yeye ndiye mwenye chako sasa. Hicho ndicho wanachosema niliuza. Sikupokea hata soda.

Pingamizi zetu zilisomwa. Mchoro umerudi, na zambarau imekomea pale mpaka wako unapopinda. Mashamba ya chini yamebaki ya kijani. Wanasema mchoro huwa unapitiwa upya, kwa hiyo sisherehekei. Nikiitwa nitasimama tena. Juu yetu malori yameanza kushusha mawe kwenye shamba lako, na mtetemo wake nausikia nikiwa kitandani. Najua hungeupenda. Mimi pia siupendi, lakini sikuweza kuokoa cha mtu ambacho mwanawe alikwisha kukiuza.

Jioni ile dada yako aliniwekea ugali akakaa. Nikamwambia, "Mpaka hauna sababu ya kupinda." Akasema, "Kula, Baba Agneta, unapoa." Nikala.

Sasa nikwambie jambo ambalo ofisa hakuliandika. Mbele yake nilikubali, na neno langu halirudi nyuma. Mbele yako sijakubali. Ule mpaka umenyooka. Mvua zikianza huwa bado natoka mpaka pale, nasimama upande wangu, na mwaka huu nilijikuta nimesema kwa sauti, "Sogea huko, unawatisha," na hapakuwa na mtu wa kunijibu. Hilo ndilo sikulihesabu nilipokuwa najisifu kwamba nitakuzidi umri.

Lala salama, mtu mbishi wewe. Wasalimie wakwe zangu, na umwambie baba yako kwamba binti yake alisimama pale alipomfundisha.

Ni mimi, mume wa dada yako.

Anayetilia shaka haya aende kwa Mama Tekla, atamweleza na kuniongezea aibu. Aende kwa Bwana Shabani, ambaye hana sababu ya kunipendelea. Amuulize Skola, shahidi wangu wa kwanza katika mambo yote yanayonipinga. Na kama hao hawatoshi, jirani wa mpaka ni wewe, shemeji. Inuka useme. Safari hii nitakuacha umalize.