Lilikuwa Vumbi la Njiwa, Mama

Mama,

Gloire amechovya unyoya wa njiwa katika uji wake sasa hivi, akaniambia ni kijiko chake kipya. Nimemunyang'anya kwa nguvu mpaka ameanguka kwa matako. Nimemwaga uji wote, nimemuosha mikono mara mbili, bado analia. Ananiangalia kama mutu mubaya. Mujukuu wako ana macho yako, Mama, yale ya kuangalia mutu bila kusema kitu. Unajua ninasema yapi.

Katika mwaka wako wa mwisho uliniangalia vile kila nilipokuletea chakula. Mimi, muke wa mutoto wako. Nilikaa kando ya kitanda, nikaonja kijiko cha kwanza mbele yako, nikameza, nikafungua kinywa uone. Unageuka upande wa ukuta. "Weka pale, binti, nitakula." Hukula. Nilikuta bugali imekuwa jiwe.

Nilikuja kwenu nikiwa na miaka kumi na tisa. Ni wewe ulinifundisha kumufunga mutoto mugongoni asiteleze. Ni wewe ulikaa na mimi siku tatu, maziwa yalipokataa kutoka. Ungekuwa mama mukwe mubaya tangu mwanzo, isingeniuma hivi.

Kile kikohozi. Kila walipopima makohozi hawakuona kitu, lakini walikupa dawa ya tibii, na mara ya pili tena. Ulipolazwa hospitali ulipata nafuu. Ulipokwenda kwa binti yako Masika kule Murara, wiki mbili tu, ulirudi unacheka, unabeba maji mwenyewe. Ukilala siku nne katika chumba chako, kifua kinarudi. Ndipo shangazi Kavira aliposema: "Ugonjwa gani huo unakaa nyumba moja kama mupangaji? Hii ni karuho." Ile sumu wanayosema mutu anatiliwa katika chakula kidogo kidogo, anakohoa, anakonda, mpaka anaisha. Na nani alikuwa anapika? Mimi. Binti wa Rutshuru, wakasema, "hatujui kwao wanakula nini."

Wakakupeleka kwa yule muzee anayetapisha watu. Mimi ndiye nilishika beseni, Mama. Ulikuwa unatapika sumu yangu mbele yangu, na mimi nakupangusa mudomo. Yalitoka maji ya kijani tu. Muzee akasema imekwisha shika mapafu. Papa Gloire, mutoto wako, alianza kula kwa rafiki zake.

Ukafa. Kwenye kilio hawakuniacha nisogelee sufuria. Niliosha sahani.

Sasa sikia. Masika alihamia chumbani kwako, akabaki na njiwa wako na vile vizimba ulivyoingiza ndani kwa kuogopa wezi, vimepangwa mpaka juu ya kitanda. Kila asubuhi anafagia, dirisha limefungwa, wasiruke. Mvua zilipoanza, naye akaanza kukohoa. Akakonda. Shangazi akasimama katikati ya parseli, pale uani, akapiga mikono, akaninyooshea kidole: "Amepata wa pili!" Masika akanunua jiko lake dogo la makaa, akawa anapika peke yake na kuficha sufuria chini ya kitanda.

Nilimupeleka mimi mwenyewe hospitali. Nilimwambia, "Twende. Kama ni sumu, wanifunge palepale." Akakubali, nafikiri alitaka kuona nikifungwa.

Munganga alikuwa mwanamuke kijana. Alisikiliza mugongo wa Masika muda murefu, halafu akanipa chombo na mimi nisikilize. Ilikuwa kama chumvi ikitupwa motoni. Picha zikapigwa, hata ile ya mashine kubwa inayoonyesha kifua vipande vipande bila kisu. Makohozi hayakuonyesha kitu. Hakukimbilia kuandika dawa. Akauliza, "Ni wapi unapumua vizuri?" Masika akajibu, "Murara, nikilala kwa rafiki yangu." "Na nyumbani munaishi na wanyama gani?" Masika akacheka mpaka akakohoa: "Dokta, nimekuletea kifua, wewe unaniuliza mifugo! Niko na njiwa tu." Munganga akaweka kalamu chini.

Alitueleza polepole. Kuna watu wachache, mapafu yao yanagombana na vumbi la njiwa, la manyoya na la mavi. Wengine wanalala nalo na hawapati kitu, kama mimi. Ukitoka mapema penye njiwa, yanaweza kupona. Ukichelewa yanakauka, na hayarudi. Nikamuuliza juu yako. Alisema hawezi kuapa, hakukuona, lakini yote niliyomwambia yanafanana.

Miaka yote ile, Mama, hakuna mutu alikuuliza unalala na nini. Walikuuliza unalishwa na nani.

Nina hasira na wewe. Nasema kweli. Shangazi nilimujua alivyo, lakini wewe ulinijua mimi. Nilipomuonyesha shangazi karatasi ya munganga, yenye jina refu la Kifaransa ambalo mimi wa sixième primaire, darasa la sita tu, siwezi kulitamka, alisema, "Karatasi hata mimi naweza kuandikiwa." Hakuna aliyeniomba musamaha. Papa Gloire alitoa njiwa wote, akaosha kuta, lakini manyoya bado yanaanguka kutoka darini. Masika alikaa mwezi muzima Murara. Amerudi leo, anatembea bila kusimama. Amenisalimu. Nimepika sombe ya majani ya muhogo na bugali, na shangazi amekaa pale uani anaangalia. Sitaki maneno yao tena. Nataka tu mutu mumoja wa damu yako ale kwangu, mbele yake.

Lala, Mama. Nakuahidi Gloire hatasikia kutoka kinywani mwangu kwamba ulimuogopa mama yake. Nitamwambia ulikuwa na kifua kibaya na mikono mizuri. Na yeyote atakayekohoa katika nyumba hii, nitauliza kwanza analala na nini, hata kama wakinicheka. Hasira itapungua, naamini, siku moja nitakuja kaburini na maua na sitasema

Masika ananiita kutoka jikoni, sauti yote, hata majirani wanasikia: "Mama Gloire! Njoo unipakulie na mukono wako, njaa itaniua kuliko njiwa!" na shangazi amesimama, na mimi naacha kalamu