Ua la Lamboni

Jumatatu, 7 Aprili

Kuni, maji, kisha lamboni kukagua miiba niliyozungushia ukingo. Imesogezwa tena. Nimeirudisha. Mikono imechanika, sijali.

Ni kaua ka buluu, hakafiki kifungo cha shati. Kanaota ukingoni tu, penye tope. Marehemu mama ndiye aliyenionyesha. Zamani kalikuwepo kila lambo la huku, sasa nakaona hapa Kwedizinga tu. Jina lake sijui, na niliowauliza hawajui. Kakiisha hapa kameisha. Hakaishi nikiwa hai!

Mume wangu, Baba Zaina, anasema angekuwa ua labda naye ningemjali. Acheke.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimegombana na Lemayani, yule Mmaasai mwenye ng'ombe. Anawanywesha pale pale penye ua. Anasema hata babu yake alinyweshea hapo. Nikamwambia babu yake simjui. Nikaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kijiji kulalamika: mifugo itoke lamboni, yote.

Jumapili, 27 Aprili

Juzi Korogwe, kununua seng'enge. Hela ya mihogo imeishia huko. Leo nimeizungusha mwenyewe, Baba Zaina kashika nguzo huku ananung'unika. Ng'ombe hawaingii tena. Ndani nyasi zitaota, kijani kibichi. Wapita njia wananiita Mama Bustani. Waniite. Leo nitalala usingizi.

Jumatano, 14 Mei

Hakuna ua. Hata moja.

Nyasi zimefika magotini. Nimezipekua kwa mikono mpaka jua likazama. Hakuna. Nikamfuata Lemayani, nikamwita mwizi mbele za watu. "Yeyo," akasema, ndivyo wanavyomwita mama, "ua ningelipeleka wapi?"

Nimelia njiani. Kwa hasira, si kwa huzuni. Haya, na huzuni pia.

Jumamosi, 17 Mei

Lemayani kaja asubuhi. Kanisalimia vizuri, jambo lililoniudhi zaidi. Kanipeleka lamboni, nje ya seng'enge, ng'ombe wanaponywea sasa. Tope tupu. Na kwenye alama za kwato, buluu. Buluu! Ng'ombe wanakula nyasi, wanavuruga tope, kaua kanapata jua. Pengine kalikuwepo huku siku zote, na mimi macho yangu yote yako ndani ya seng'enge. Kule ndani nimekafungia na nyasi zikakanyonga.

Nimepiga magoti kwenye tope la ng'ombe wake. Mimi!

Halafu nikakumbuka malalamiko yangu. Mkutano wa kijiji ni Alhamisi. Ng'ombe wakifukuzwa, na viua hivi vilivyobaki vitakufa. Na aliyetaka wafukuzwe ni mimi.

Alhamisi, 22 Mei

Wenye bustani za nyanya walikuja mapema, wanalitaka lambo lote. Mwenyekiti akaeleza malalamiko yangu. Nikasimama. Nikasema nayafuta, ng'ombe wabaki.

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mmoja akauliza kama nimekunywa. Mwenyekiti akaniambia nikae. Sikukaa. Nikasema nilikosea, tena nilimwita mtu mwizi bure, na anayetaka kunicheka acheke mpaka achoke, mimi nipo. Lakini ng'ombe hawatoki. Wakasema haya yote kwa ajili ya ua? Ndiyo, kwa ajili ya ua! Hata kama haliliwi.

Ilipofika kupiga kura nikanyoosha mkono wa kwanza. Peke yangu. Uliniuma, sikuushusha. Kisha Baba Zaina akanyoosha wake, anatazama chini kama aliyeiba. Nilitamani kumkumbatia pale pale. Wakafuata akina mama wanaonunua maziwa kwa Lemayani. Mmoja, mwingine, wengi.

Wenye nyanya wamepewa upande wa pili. Ng'ombe wamebaki upande wetu.

Jumapili, 25 Mei

Nimekunja seng'enge. Itafaa banda la kuku.

Lemayani alileta ng'ombe kunywa. Tukasalimiana. Nikamwomba radhi, akasema yameisha, yeyo.

Ndama mmoja akakanyaga ua moja, mbele ya macho yangu. Nikamwacha anywe. Nikateka maji, nikajitwika ndoo, nikarudi nyumbani.