Magurudumu ya mbele yameshika, Papa

Papa,

Jeep ya maternité ya Runingu imepona. Nakuambia hilo kwanza, maana hukupenda mtu akuzungushe kabla ya kusema kama gari inatembea au haitembei. Inatembea. Magurudumu yote manne yanavuta.

Sasa nikueleze tangu mwanzo.

Baada ya kukuzika kule juu ya Kilibula, garaji yetu ya Kimanga ilibaki na upande mmoja. Mwenzako Papa Kashindi anafungua mota, anabadilisha breki, anagombana na mashofa kama mlivyozoea pamoja. Upande wako, upande wa umeme, ulinyamaza. Mimi nilimaliza examen d'État, ule mtihani wa mwisho wa sekondari, nikawa nakuja kila asubuhi. Nafagia, napanga waya zako kwa rangi, nakaa. Gari yenye shida ya umeme ikiingia, Papa Kashindi anaituma Bukavu, kisha ananitazama kwa huruma, na mimi natazama chini.

Maandishi yako ya bluu bado yako ukutani: ÉLECTRICITÉ AUTO, umeme wa magari. Ile herufi ya kwanza bado ni kubwa kuliko zote, na zile za mwisho zimebanana kwenye kona, kwa sababu ulianza kuandika bila kupima ukuta. Siku moja Papa Kashindi alikuja na kopo la rangi nyeupe, akaliweka chini ya maandishi.

"Sifa, mwanangu," aliniambia, "si vizuri ukuta udanganye watu. Gari ingine ya shida ya umeme ikitushinda, minye nafuta."

Hakuwa na ubaya. Lakini mimi kila nilipofagia, nililizunguka lile kopo kama mtu anavyozunguka nyoka.

Ndipo ilipokuja jeep ya Runingu, ile inayopeleka wajawazito hospitali. Shofa ni Papa Bonane, yule dereva mnene aliyekuwa akikuita Docteur. Mvua zimeanza kule bondeni, na unajua barabara ile inavyokuwa: udongo mweusi unashika gurudumu kama ugali unavyoshika mwiko. Bila magurudumu ya mbele kuvuta, jeep inabaki palepale. Na ilibaki, Papa, na mama mwenye uchungu wa kuzaa akiwa ndani. Mtoto alizaliwa mle mle, muuguzi akiwa amepiga magoti kwenye kiti. Wote wawili wako wazima, Mungu asifiwe.

"Watu walitaka kumuita Matope," Papa Bonane alisema, "mama yake akakataa." Alicheka. Halafu akaacha kucheka. "Docteur hayuko. Nani atanitengenezea hii kitu?"

Papa Kashindi akalitazama lile kopo. Mimi nikachukua taa yako ya kupimia.

Shida ilikuwa hii. Papa Bonane akibonyeza kitufe cha 4x4, taa ya kijani kwenye tablo, mbele ya usukani, inapaswa kuwakawaka kidogo, kisha itulie. Ikitulia, maana yake magurudumu ya mbele yameshika. Yake ilikuwa inawakawaka tu bila kutulia. Mbaya zaidi, pale garajini mara nyingine ilitulia vizuri kabisa, kisha barabarani ikaanza tena.

Nilifanya kama ulivyonifundisha. Nikatazama fusible, ile fyuzi: nzima. Nikaweka kidole juu ya rele, ile swichi inayojifunga kwa umeme, nikasikia ikigonga: nzima. Kitufe, kizima. Nikapima umeme unaoshuka kwenda mbele, taa yako ikawaka. Nikarudia. Ikawaka tena. Kila kitu kilikuwa kizima, na gari ilikuwa mgonjwa. Nilikaa chini ya ile jeep, mafuta yananidondokea shingoni, na nikaanza kulia polepole ili wasinisikie.

Nililia kwa sababu nilijua kilichokosekana. Ulikuwa wewe, Papa, na kile kibao chako cha kukalia.

Nilipokuwa mdogo nilidhani unapoteza muda. Gari inaingia, wewe unamkalisha shofa kwenye kibao, unampa karanga, unaanza: gari imelala wapi? Nani aliiazima? Mulipita wapi? Ilibeba nini? Unacheka naye kana kwamba ni shemeji yako, na boneti bado haijafunguliwa. Mimi nilikuwa nimeshatambaa chini tayari, kwa sababu chini ya gari hakuna mtu wa kuongea naye. Tuligawana hivyo. Wewe unauliza, mimi natambaa. Unaniletea majibu kwa kuinama: "Sifa, tazama upande wa kushoto, walipita mu mawe." Na mara nyingi ilikuwa upande wa kushoto kweli.

Hukuwahi kunilazimisha kuuliza. Mara moja tu uliniambia, ukinifuta grisi kwenye paji la uso, "Waya haina mudomo, mwanangu. Siku moja utatoka huko chini."

Basi nilitoka.

Papa Bonane alikuwa amekaa kwenye kibao chako. Nikasimama mbele yake. Nilitaka kuuliza gari imelala wapi, sauti ikatoka ndogo sana, hata akaweka mkono sikioni.

"Sema, Ma Sifa! Minye si padri, huhitaji kuninong'oneza."

Papa Kashindi akacheka. Nami, sijui kwa nini, nikacheka pia, na sauti ikapata njia. Nikauliza imelala wapi. Kwenye uwanja wa maternité, siku zote. Nani aliiazima? Hakuna. Inabeba nini? Wamama, na mara moja mbuzi. Nikaishiwa maswali yako. Nikasimama pale kama mwanafunzi aliyesahau somo. Kisha nikaona jinsi ile jeep ilivyong'aa. Imetoka kwenye matope ya Runingu, na bado inang'aa mpaka chini!

"Papa Bonane, unaioshaga wapi?"

"Mu ziwa, wapi tena? Weye unataka nioshe mu chai?"

"Ukitoka safari?"

"Kila siku ya posho kama leo, nikifika tu huku, juu kesho Jumapili iko misa. Naingiza pua yote mu maji. Gari inapoa, na minye napoa." Alijipiga tumbo kuonyesha namna anavyopoa.

Papa, wewe ungeliona kabla hajamaliza. Mimi ilinichukua kidogo. Gari inatoka njiani ikiwa moto, na inaingizwa ziwani ghafla. Chuma kinapopoa hivyo, hewa iliyo ndani inasinyaa, na pengo lolote dogo linavuta maji. Na ile mota ndogo ya umeme inayofanya magurudumu ya mbele yashike imekaa juu ya ponti ya mbele, ule mhimili ulio kati ya magurudumu, mahali panapozama kwanza.

Nilirudi chini kwa haraka, hata nikagonga kichwa. Nikafungua bamba la chuma linalofunika, nikafika kwenye kiunganishi cha waya za ile mota, nikakivuta. Yakatoka maji, Papa, na mchanga mweupe wa ziwa letu. Waya mmoja ulikuwa umekuwa kijani na kulika, umebaki uzi mwembamba. Uzi ule ulitosha kuwasha taa yako ndogo ya kupimia, ndiyo maana ilinidanganya. Haukutosha kuzungusha mota.

Nikakata, nikaunga upya kwa kuchomelea, nikakausha, nikapaka grisi, nikafunga vizuri. Kisha tukaenda wote watatu kwenye ukingo wa mto, pale mafuriko yalipoacha mchanga mwingi. Papa Bonane akabonyeza kitufe. Taa ikawakawaka. Nikashika kiti. Ikatulia. Magurudumu ya mbele yakachimba mchanga, jeep ikapanda kama mbuzi, na Papa Kashindi, mtu mzima yule, akapiga makofi.

Jana ilipita hapa ikielekea hospitali, na mama ndani. Ilikuwa na matope mpaka kwenye taa. Sijaona gari nzuri hivyo. Papa Bonane siku hizi anaiacha ipoe kwanza, kisha anaiosha kwa ndoo, na ananilaumu mbele ya watu kwamba nimemnyima kuoga.

Mama amerudi kwenye kwaya. Bado anaweka sahani yako mezani akisahau, lakini sasa anaiondoa bila kulia. Na lile kopo la rangi, Papa Kashindi amelitumia kupaka choo. Mimi nimenunua la bluu. Nitarudishia herufi zako zote, na ile ya kwanza nitaiacha kubwa vilevile.

Siwezi kukuahidi kwamba sitaogopa watu. Ninakuahidi kwamba nitauliza, hata kama sauti itatoka ndogo.

Pumzika, Papa yangu. Nakatisha hapa, kuna gari inaingia na taa moja imezima. Shofa anashuka, simjui. Naenda kumkalisha kwenye kibao.

Sifa wako