Mwano wa Minza

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Leo nimekuwa nyota wa filamu. Niandike mapema kabla sijafukuzwa.

Nyanjige kafika saa mbili asubuhi na gari la kukodi kutoka Bariadi, kamera mbili, na kijana mrefu wa kuzishika, anaitwa Dastan. Huyu anatembea kama anaogopa kukanyaga mavi ya ng'ombe. Ameshakanyaga mara tatu. Nyanjige ni binti wa kaka yangu Mboje. Huko mjini anapiga picha za harusi na kipaimara, sasa anatengeneza filamu yake mwenyewe: ndugu wawili wakati wa ukame, mkubwa anamgawia mdogo wake majani ya mwisho ili ng'ombe wa mdogo wasife.

Na huyo kaka mwema ni nani? Mimi!

Watu wamecheka mpaka wamekohoa. Wana haki. Kila mtu hapa Sola anajua kwamba mwaka ule wa ukame Mboje alikuja langoni kwangu, akaomba kulisha kwenye ngitili yangu, yale malisho ninayoyazungushia uzio tangu masika. Nikamwambia hayatoshi. Yalitosha. Niliogopa tu. Wakafa ng'ombe wake wanne, mmoja na mimba. Miaka saba sasa hatusalimiani. Kwenye misiba tunakaa kila mmoja upande wake kama timu za mpira.

Nimemuuliza Nyanjige kwa nini asirekodie kwa baba yake. Kasema aliomba. Mboje akamjibu: nenda kwa baba yako mdogo, kuigiza undugu ataweza, undugu wenyewe ndio uliomshinda.

Nilicheka. Halafu sikucheka.

Jumanne, 8 Oktoba

Kipande kimoja tangu asubuhi. Natakiwa kutoa machozi. Sina! Wakaleta kitunguu. Mke wangu Minza akalia, mimi nikapiga chafya. Nyanjige akaja karibu, sauti ya chini: "Baba mdogo, mfikirie mtu uliyemkosea."

Nikamfikiria.

Dastan alisema imetosha mzee, imetosha, tumeshapata. Machozi hayakuisha. Nikasingizia kitunguu.

Jumatano, 9 Oktoba

Upepo, vumbi, maiki inakoroma. Hakuna kazi. Minza kasema kwenye kamera nina sura ya mtu anayesubiri majibu ya vipimo. Wabeja, asante sana, mke wangu.

Jioni nimemwona Mboje ng'ambo ya mbuga, ananywesha ng'ombe. Alisimama akatazama huku. Nikanyanyua mkono. Mkono ulipofika juu nikajikuna nao kichwa.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mungu wangu. Nianzie wapi.

Kipande cha leo: wezi wamepita, mama anakuta zizi tupu, anapiga mwano, ule ukunga wa hatari. Minza akagoma. Akamwambia Nyanjige, mwanangu, mwano si wimbo. Mwanamke akishaupiga, wanaume wote wanatoka na silaha, hakuna kuuliza. Dastan akasema, mama, watu wote wanajua tunarekodi. Minza akanitazama mimi, kichwa cha nyumba. Na kichwa cha nyumba kikasema hivi: "Piga tu. Nani atakuja? Wameshachoka na kelele zetu."

Hayo ndiyo maneno yangu. Nayaandika ili nisije nikayakana.

Minza akakaza kitenge. Akapeleka kiganja mdomoni.

Sijui niieleze vipi ile sauti. Mimi mwenyewe, skripti iko mfukoni, nilijikuta nimeshashika fimbo. Kuku walitawanyika. Akanyamaza. Kimya, labda dakika moja, nami nikaanza kutabasamu. Halafu mwanamke mmoja akaitikia kutoka upande wa shuleni. Mwingine kule kilimani. Mwingine. Filimbi za sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, zikaanza.

Nyanjige akasema, "Baba mdogo, hii siyo ya kwetu."

"Ni ya kwetu," nikasema. "Wanamwitikia Minza."

Dastan alitupa kamera akapanda juu ya gari.

Wa kwanza kufika hakuwa jirani. Alikuwa Mboje! Kutoka ng'ambo ya mbuga, kilomita nzima, miaka sitini na moja, goti bovu, kandambili moja mguuni, nyingine Mungu anajua iko wapi. Panga mkononi. Aliwapita vijana. Hakutazama zizi. Alikuja moja kwa moja kwangu, akanipapasa kichwa, mabega, tumbo, kama mtu anayenunua mbuzi mnadani.

"Uko mzima? Wamekupiga wapi?"

"Kaka, ni filamu."

Kifua chake kinapanda na kushuka. Nikasubiri kofi, na shavu nilishaliandaa.

"Maji," akasema.

Minza akainuka, nikamzuia. Nilikwenda kuyachota mwenyewe, nikampa kwa mikono miwili. Alikunywa vikombe vitatu. Miaka saba hajaonja kitu nyumbani kwangu! Kisha akasema, filamu gani ya kipumbavu hii, akavuta kigoda akakaa. Akakaa!

Wakati huo uwanja umejaa. Fimbo, pinde, mashoka, watu wanahema. Baadhi wakaanza kucheka. Athanasi, kamanda wa sungusungu, hakucheka. Kasema mwano wa uongo unaua, maana kesho ukipigwa wa kweli nani atatoka? Adhabu inajulikana: ng'ombe mmoja, achinjwe, waliokimbia wamle. Tusipotoa, nyumba itatengwa: hakuna salamu, hakuna maji, hakuna wa kutuzika. Jumamosi barazani.

Wakaondoka. Mboje alibaki mpaka giza. Hatukuongea sana. Aliuliza bei ya pamba kana kwamba haijui.

Ijumaa, 11 Oktoba

Asubuhi salamu langoni: "Mwangaluka!" Nikaitikia kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

Mboje. Na ng'ombe wake wote, thelathini na wawili, nyuma yake. Nilikuwa nimetayarisha maneno usiku kucha, mazuri kabisa, ya kwenye redio. Yalitoka haya tu:

"Kaka, yale majani yalitosha."

"Najua. Niliyaona juu ya uzio."

Ng'ombe wanapumua. Nikaondoa miiba langoni, mkono ukachanika, sikujali. Akachungulia ndani ya ngitili, akabinua mdomo.

"Mwaka huu yako mabaya."

Akawaswaga ndani! Wote!

Mchana Nyanjige akatuonyesha kamera aliyoitupa Dastan. Ilianguka kwa ubavu lakini haikuzima. Imerekodi miguu mitupu ya watu inayokuja, mamia, na mbele yao mguu wenye kandambili na mguu usio nayo. Nyanjige alikuwa analia na kucheka. Akamwomba baba yake arudie kukimbia, safari hii sura ionekane. Mboje akasema yeye haigizi, mwigizaji wa ukoo huu yuko pale, akanionyesha kwa kidevu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Niko barazani, ofisi ya kijiji. Nimekuja na daftari maana Athanasi kasema kesi iandikwe, karani mwenyewe hajafika. Ya kesi nitamnakilia karani baadaye. Hapa naandika yangu.

Watu hawana idadi. Wengine wamebeba visu na sufuria kabisa, hukumu bado.

Nimekuja na yule dume wangu wa kulimia, mwekundu. Minza kamfuta vumbi njia nzima kana kwamba anakwenda kuoa. Kufika, nakuta kwenye nguzo kuna fahali mwingine ameshafungwa. Mweupe, mkubwa, namjua hata kwa mbali. Wa Mboje! Alimleta kabla jua halijatoka.

Athanasi kamsimamisha Mboje kwanza. Kamuuliza, ulikuwa unajua kuna filamu?

"Nilijua."

"Uliwaona na kamera?"

"Siku tatu nawaona. Huyu mdogo wangu alikuwa anajikuna kichwa."

"Basi hukudanganywa. Mbona ulikimbia?"

"Ilikuwa sauti ya Minza. Miguu haikuniuliza." Kisha akageuka, akawatazama watu wote. "Anayesema mwano ule ulikuwa wa uongo aniambie mimi nilikimbilia nini."

Vigelegele! Kina mama wameinuka wote. Minza kajifunika uso na kitenge, mabega yanatikisika. Dastan anarekodi, na safari hii hajapanda juu ya kitu chochote.

Athanasi kagonga meza. Kasema vigelegele havimo kwenye sheria. Ng'ombe ni ng'ombe. Mmoja tu, si wawili. Nani anatoa?

Nikasema mimi, mke wangu ndiye aliyepiga.

Mboje: "Shemeji yangu ndiye aliyepiga, na mkubwa wa nyumba hii ni mimi."

Nikasema kosa ni langu, mimi ndiye niliyemwambia apige.

"Na nani alikulea ukawa mpumbavu hivyo? Kaa chini, Masele."

"Sikai."

"Wewe dume wako akichinjwa utalimia nini Novemba? Utavuta jembe mwenyewe?"

"Na wewe huyo ndiye fahali wako pekee, kaka! Usilete sifa hapa!"

Watu wanaanguka kwa kicheko. Huu ndio ugomvi wetu wa kwanza tangu mwaka wa ukame, na sijawahi kufurahia ugomvi namna hii. Nyanjige katikati yetu, hajui ageuzie kamera upande upi. Wenye sufuria wameshagawanyika, huku wanashangilia mwekundu, kule mweupe. Athanasi anajitahidi kununa, midomo inamkataa. Katukalisha wote, kasema anauliza mara ya mwisho, na anayetoa asimame peke yake.

Mboje ananishika shati kwa nyuma nisiinuke. Nami nimemshika la kwake, naandika kwa mkono uliobaki, kifungo kimeruka, sijui ni cha nani. Athanasi anahesabu. Moja. Mbili. Tumesimama wote wawili.