Kimya cha Kikaoni

Shangazi yangu mpenzi,

Goti linaendeleaje? Mapazia uliyonishonea yamefika. Ni marefu kidogo, yanafagia sakafu, lakini siyakati ng'o.

Umeuliza kama uprofesa umeshatoka. Bado. Mkuu wetu wa idara anataka kwanza niondoe kwenye kitabu changu sura inayosema kwamba hapahapa idarani watu wanamwogopa, hawathubutu kumpinga. Jana akauliza kikaoni, mbele yangu: "Jamani, kuna anayeniogopa hapa? Aseme tu."

Kimya. Hata yule mwenzangu ninayekunywa naye chai kila siku alikikodolea macho kikombe chake.

"Umeona?" mkuu akaniambia huku akitabasamu. "Hakuna."

Machozi yalinilenga, Shangazi. Halafu ikabidi nijizuie nisicheke. Miaka yote hii nazunguka maofisini kutafuta ushahidi wa jinsi watu wanavyoufyata mbele ya bosi, kumbe bosi wangu ataniletea mwenyewe!

Leo asubuhi nimekiongeza kikao hicho kwenye sura ileile. Uprofesa ukichelewa, uchelewe. Sura haitoki.

Ni mimi mwanao, yule uliyemkanya tangu utotoni apunguze mdomo, ukashindwa.