Njia Ilikuwa Tupu

Mpendwa dada yangu Sekela,

Sijui niipeleke wapi barua hii. Tata, baba yetu, alikutafuta kwa miguu mpaka Kyela, akarudi viatu mkononi, na tangu hapo kwetu Lupepo jina lako halitajwi ila mtu akiteleza ulimi. Kwa hiyo naiandika wazi. Atakayeikuta na aisome. Kama anamjua mwanamke mrefu mwenye kovu la moto kwenye kiwiko cha kushoto, ninaomba amsomee. Kovu hilo ulilipata siku uliponivuta nisiangukie chungu cha maharage, na mimi badala ya kukushukuru nikalia kwa sababu maharage yalimwagika.

Nimechoka kuficha, dada. Lakini sikuandikii kwa uchovu. Ninakuandikia kwa sababu ninaogopa, na wewe peke yako ndiye unayeweza kujua ninaogopa nini.

Una mtoto huku usiyemjua. Anaitwa Atupele, ni binti yangu wa kwanza, yuko darasa la tano. Amechukua mdomo wako mpana na nywele zako zile zinazovunja vitana. Wiki iliyopita nilimwona akifanya ulichokuwa ukifanya wewe.

Unaikumbuka siku ya Uhuru? Tata alitupeleka Tukuyu mjini, mimi nikiwa mtoto wa miaka tisa hivi, wewe umeshaanza kujifunga kanga kama mtu mzima. Manyunyu yalikuwa yakitupiga na hakuna aliyejali. Ngoma zilikuwa zinalia, watu wamejaa uwanjani, tata mwenyewe, mtu asiyecheka ovyo, alikuwa anaruka. Ulinishika mkono ukaubana mpaka vidole vikafa ganzi. Nilipokutazama, hukuwa unaangalia bendera. Ulikuwa umeinamisha kichwa, unaangalia miguu ya watu.

"Wataisha saa ngapi?" ukaniuliza.

"Kina nani?"

"Hawa wanaopita."

Watu walikuwa wamesimama, dada. Hakuna aliyekuwa anapita.

Wewe unaijua adabu ya kwetu, lakini huenda anayesoma ni mgeni wa Rungwe, basi nimweleze. Kwetu mke hamwangalii baba mkwe wake. Akisikia anakuja, anatoka njiani, anaingia migombani, anajifunika kichwa na kuchutama mpaka mzee apite. Hamtaji jina. Hasemi naye. Akiwa na neno, analipitisha kwa mama mkwe au kwa mtoto. Siku hizi vijana wanalegeza, hasa wa mjini, lakini ukoo wenye wazee wakali bado unaishika.

Wewe ulianza adabu hiyo bila mume wala mchumba. Ulianza kwa kumkimbia tata. Kisha ikawa mwanamume yeyote, na kabla ya mavuno ukawa unawakimbia hata akina mama wenye mizigo ya kuni. Na watu walifurahi. Hilo ndilo linalonitia baridi mpaka leo, jinsi walivyofurahi. Mama alikuwa akiwaambia wenzake kisimani, "Mwangalieni Sekela anavyojitunza, na wala sikumfundisha." Ulipoacha kula mbele ya watu walisema una haya. Hata ulipoacha kwaya, wewe uliyekuwa ukitupigia kelele wote tuliokosea sauti, kanisani walisema sasa umetulia.

Siku moja tulikuwa tunatoka mtoni na maji, tata akawa anakuja na jembe begani. Ulinivuta tukaingia migombani, tukachutama. Tata akapita, anapiga mluzi wake. Nikataka kuinuka. Ukanikaba shingo.

"Bado. Hawajaisha kupita."

Nikachungulia kati ya majani. Nilimwona kuku mmoja anavuka, basi.

"Dada, nani?"

"Funga macho, Tumpe. Watakuona."

Nikafumba macho, na hapo hapo nikajikojolea. Hukunicheka wala hukunisema kwa mama. Ulirudi nami mtoni, ukalifua gauni langu huku umeipa njia mgongo, ukanivalisha likiwa bichi. Ninapokukumbuka, dada, hicho ndicho ninachokumbuka kwanza. Ulikuwa umeogopa kuliko mimi na bado ukanifulia.

Nilimwambia mama. Alikuwa anamenya ndizi. Nikasema, "Dada anawaogopa watu ambao hawapo." Kisu hakikusimama. "Usimzulie mwenzio," akasema. "Watu wakisikia maneno hayo, nani atamwoa?" Lakini baadaye nilimwona amesimama mlangoni, anaitazama ile njia, na alisimama pale mpaka maharage yakaungua. Nadhani mama alijua. Nadhani alikuwa anaogopa kama ninavyoogopa mimi leo, ila yeye alikuwa na mahali pa kuificha hofu yake, na mahali penyewe ni hizo sifa.

Kisha wakaja watu wa Nkunga, wenye kahawa nyingi na nyumba ya bati. Walikuwa wamesikia kwamba Lupepo kuna binti anayeficha uso hata kabla ya kuposwa. Hawakutaka mwingine. Ng'ombe wakaja, mama akavaa kitenge kipya, na wewe ukaondoka umefunikwa kichwa, huangalii nyuma, na wanawake wakapiga vigelegele kwa jinsi ulivyokuwa huangalii nyuma.

Nilikuja kukuona wakati wa kuchuma kahawa, nimejitwika mkungu mdogo wa ndizi. Mama mkwe wako alinipokea kwa bashasha. "Sijapata kuona mkwe mwenye adabu namna hii," aliniambia. "Hata mimi ananificha uso." Nilikukuta nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, na pale ulipokuwa umechutama ardhi ilikuwa imekwanguka na kulainika, ndipo nikajua unakaa hapo kila siku. Ulikuwa umekonda, macho yamekuwa makubwa.

"Chutama, Tumpe. Leo ni wengi."

Nikachutama. Nikakuuliza wanataka nini. Ulifikiri kwanza, ukanijibu kwa sauti yako ya zamani, ile ya kunifundisha hesabu: "Sijui. Hawajawahi kuniangalia, wanapita tu. Ninaogopa siku watakayogeuka."

Mvua kubwa zilipoanza, watu wa Nkunga walikuja kutuambia hupo.

Sasa nikueleze ya kwangu. Niliolewa huku Ibighi, kwenye ukoo wa wazee wakali niliokuwa nikiwasema. Mume wangu ni mtu mwema, anafanya kazi kiwanda cha chai. Atupele alikuwa mtoto wa makelele, mpaka majirani walikuwa wanatutania kwamba tumezaa redio. Kiangazi kilichopita akaanza kunyamaza. Alipokuja mwenyekiti wa kijiji kutuhimiza kwenda shamba la ujamaa, akajificha nyuma ya mlango na kanga kichwani, na watu wote barazani wakacheka kwa furaha. Mwalimu wake anasema ndiye mtulivu kuliko wote darasani. Mama mkwe wangu anasema, "Huyu ni mtoto wa zamani." Kila waliposema hivyo nilikuwa najiambia, Tumpe, acha kuona vivuli.

Wiki iliyopita nilikuwa nachuma chai kwenye kijishamba chetu kilicho juu ya njia. Nikamwona anatoka shule, peke yake, ameshika jembe lake dogo. Akasimama. Akarukia kwenye miti ya kahawa, akavuta sweta lake la shule kufunika kichwa, akachutama. Nikageuka kumtafuta anayekuja. Nikaangalia upande wa mjini, nikaangalia upande wa daraja.

Njia ilikuwa tupu.

Kikapu kilikuwa kimeanguka na chai imemwagika na mimi nimesimama tu. Adabu inahitaji mtu wa kumpisha. Wote walikuwa wanaangalia jinsi ulivyojificha, na hakuna aliyegeuka kuangalia ulikuwa unamficha nani uso. Nilipofika kwake nikamuuliza, "Kuna nini, mwanangu?" Akasema, "Naogopa tu, mama." Sikuthubutu kumuuliza zaidi. Niliogopa atanijibu.

Nilimwambia mume wangu kwamba mtoto apelekwe hospitali, na huko waambiwe ukweli kwamba si mwili, ni akili. "Jina likishampata, halimtoki," akasema. "Hilo ni la baba kuamua." Na baba yake ndiye mtu nisiyeruhusiwa kusema naye. Nikalipitisha neno kwa mama mkwe, kama inavyotakiwa. Jibu likarudi jioni ile ile: mtoto apewe dawa ya minyoo. Mama mkwe alikuwa amemwambia mzee ni minyoo. Alidhani ananisitiri.

Basi jana asubuhi nilisimama njiani.

Tangu niolewe sijawahi kuuona uso wa mzee yule. Ninaujua mgongo wake, kikohozi chake na fimbo yake. Nilimsikia anakuja, mwili wangu wote ukataka kuingia kwenye kahawa, nikajilazimisha kubaki. Akaniona, akasimama. Na unajua alifanya nini? Yeye ndiye aliyetoka njiani. Mzee wa watu na fimbo yake akaingia kwenye kahawa, akanipa mgongo.

Nikausemesha huo mgongo. "Tata, nisamehe. Mtoto hana minyoo. Anajificha wakati hakuna mtu. Dada yangu alianza hivi, tukamsifia mpaka tukampoteza."

Akakohoa. Nilidhani atanifukuza, nirudi Lupepo na aibu yangu.

"Nilimwona," akasema. "Juzi, pale darajani. Nikageuka kumtazama anayekuja nyuma yangu. Hapakuwa na mtu. Nikasema labda ni macho yangu, yamezeeka."

Akaikita fimbo yake ardhini.

"Mpeleke. Atakayeuliza, mwambie nimesema mimi. Sasa ondoka njiani, mama, nipite. Na mimi nina aibu zangu."

Nikaingia kwenye kahawa, nikajifunika, nikachutama kwa mazoea. Akapita. Kutoka pale chini, dada, mtu unaona miguu tu.

Kesho asubuhi tunakwenda hospitali hapa mjini, na wakishindwa tutapanda basi la Mbeya. Sijui kama ugonjwa huu una dawa. Ninaogopa wakisema hauna, na ninaogopa zaidi kwamba wataniangalia mimi kisha wamwangalie mtoto na kumsifia kwa utulivu wake.

Naandika haya mvua inanyesha, Atupele yuko hapa karibu anachambua maharage. Ameniuliza sasa hivi ninamwandikia nani. Nikamwambia, mama yako mkubwa. Hakujua kama anaye. Akauliza yuko wapi, nikamwambia sijui, alikuwa anaogopa na sisi hatukujua ni hofu. Akauliza, "Alikuwa anaogopa nini?" Nikafikiria kumdanganya. Kisha nikamwambia maneno yako kama ulivyoyasema, kwamba walikuwa wanapita tu, hawajawahi kukuangalia, na uliogopa siku watakayogeuka.

Mikono yake ilisimama juu ya ungo. Hajaniangalia. Amesema polepole sana, "Wangu pia bado hawajageuka."

Lakini amesema, dada. Amemwambia mtu.

Kutoka hapa mpaka hospitali njia inapita kwenye migomba karibu yote. Ninajua atanivuta mkono. Nitaingia naye, nitachutama naye na gauni langu la kanisani, na wapita njia wakitaka kushangaa washangae. Tutakaa mpaka aniambie wameisha, ndipo tuendelee, na wakija tena tutaingia tena. Hata kama tutafika jioni, tutafika.

Na wewe, kama bado umechutama mahali, nisamehe kwamba siku ile Nkunga niliinuka nikaenda zangu kabla hawajaisha kupita. Nilikuwa mtoto, na kulikuwa kunaingia giza la mvua. Baki salama, dada yangu. Gauni lile ulilonifulia lilikauka.

Mdogo wako,
Tumpe